Gitaa la Kwaya: Tuchague la Bei Tunayoiweza
Mazungumzo kwa wanakwaya na washirika, wiki ya Jubilei

 

Kamati ya Jubilei imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya gitaa, na sababu yake naijua. Katika bajeti yetu ya shukrani kuna mstari mmoja unaosema "ala za muziki", na mstari huo umeleta maneno mengi kuliko mistari mingine yote. Wengine wanataka kinanda kikubwa na spika zake. Wengine wanataka gitaa moja la bei ya juu, lenye jina, ili wageni wakija waone tumeendelea. Wengine wanasema tumeimba kwa midomo na makofi miaka hii yote, basi tuendelee hivyo. Nimewasikiliza wote. Mimi naomba tununue magitaa mawili ya kawaida, yasiyohitaji umeme, yaliyochaguliwa kwa makini, na tubakishe pesa kidogo za kuyatunza. Nitaeleza kwa nini, halafu nitaeleza namna ya kuyachagua, kwa sababu gitaa la bei nafuu likichaguliwa vibaya ni hasara kuliko kutonunua kabisa.

Kwanza tukumbuke pesa hizi zimetoka wapi. Nyingi zimetoka kwenye majani chai. Kuna mama aliyetoa malipo ya kilo alizochuma siku nzima. Kuna wazee waliotenga kitu kwenye bonasi, na ninyi nyote mnajua bonasi ya upande wetu huwaje ikilinganishwa na ya Mlima Kenya. Shilingi ikipotelea kwenye ala mbovu, imepotea siku ya mtu aliyesimama shambani kwenye umande tangu alfajiri. Hilo ndilo linalonifanya nizungumze kwa kirefu juu ya kitu kidogo kama urefu wa uzi.

Pili, tufikirie tunaimba wapi. Ibada ya Jumapili ni sehemu tu ya kazi yetu. Tunaimba kwenye mazishi, chini ya turubai, nyumbani kwa mtu ambako hakuna pa kuchomeka waya. Tunaimba katika ibada za nyumbani na kwenye harusi. Na hapa kanisani kwenyewe, mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, mara nyingi stima hupotea nayo. Gitaa la mbao halingoji stima irudi. Tena kijana anaweza kulibeba nyumbani akafanye mazoezi jioni, jambo ambalo hawezi kulifanya na kinanda cha kanisa. Tukiwa na mawili, moja litabaki na kiongozi wa ala na lingine litazunguka kwa wanaojifunza. Kwaya ambayo ina mpigaji mmoja peke yake huishi kwa wasiwasi: akipata kazi Nairobi, muziki umehama naye.

NYUZI SI JAMBO GENI KWETU

Baadhi ya wazee wetu waliliona gitaa kama chombo cha baa, na wengine kama chombo cha wageni. Lakini muziki wa nyuzi ulikuwa hapa kabla ya chai. Babu zetu walikuwa na kinubi, chepkong, chenye tumbo la bakuli lililofunikwa ngozi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia, kinubi kikiwafuata, wimbo juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimba kwa gitaa na kufariki mwaka 1933. Sauti yake ilifika vilimani kwetu kwa sahani za santuri, na jina lake likavaa nguo za Kipsigis. Rekodi hiyo ya Kapkatet inasikilizwa hadi leo katika nchi ambazo wale wasichana hawakuziona.

Wasichana hao hawakuwa na ala ya bei. Walikuwa na masikio mazuri, na chombo kilichokaa pamoja na sauti zao. Baadaye gitaa lenyewe lilifika, na hayati Kipchamba arap Tapotuk akalifanya lizungumze lugha yetu. Kwa hiyo tunaponunua gitaa, swali letu liwe lile lile la Kapkatet: je, chombo hiki kitakaa pamoja na sauti zetu?

Jambo lingine litawafurahisha wachumaji. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye santuri zake zilipendwa sana hapa Kenya katika miaka ya 1950, alipiga gitaa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Wapigaji wengi wa zamani wa Afrika Mashariki walifanya hivyo. Sasa tazameni mkono wa mtu anayechuma majani mawili na chipukizi. Ni vidole vipi vinavyofanya kazi? Mkono ulio na mazoea hayo usiambiwe kwamba gitaa ni la watu wa mjini.

Na kama kuna anayeona aibu juu ya gitaa la bei ndogo, nitampa mfano mmoja. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ile ile iliyotoa santuri za Mwenda, iliuza pia magitaa ya bei nafuu yenye jina Gallotone. Ndani yake yalibandikwa karatasi yenye ahadi kwamba hayatapasuka. Kijana mmoja wa Liverpool, Uingereza, aliyeitwa John Lennon, alikuwa na moja. Tarehe 6 Julai 1957 alilipiga kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, mtaa wa Woolton, na siku hiyo akakutana na Paul McCartney. Dunia nzima inajua kilichofuata. Gitaa lilikuwa la bei ndogo, tena lilikuwa kwenye uwanja wa kanisa.

CHUMA AU NAILONI?

Mkifika dukani mtakuta aina mbili kubwa. Gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo pana na sauti laini, na haliumizi vidole vya anayeanza. Gitaa la nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi na sauti kali inayofika mbali. Kwa kuongoza watu mia moja bila kipaza sauti, chuma ni bora. Kwa mtoto wa miaka kumi anayejifunza, nailoni ni bora. Ndiyo maana naomba tununue moja la kila aina.

Lakini lipo onyo moja, na naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, na ya nailoni karibu nusu yake. Kwaya moja ninayoijua ilitaka gitaa lake la nailoni litoe sauti kubwa, wakafunga chuma. Katikati ya wimbo wa sadaka daraja liling'oka kutoka kwenye tumbo, na ubao ukatoka nalo. Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni kinachoshika nyuzi. Likishang'oka na ubao, gharama ya fundi hukaribia bei ya gitaa jipya.

MBAO NA HEWA YETU

Muuzaji atawaambia kuna gitaa la ubao mzima na kuna la mbao za tabaka, yaani tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja. Atasema ubao mzima una sauti nzuri zaidi, na ni kweli. Ila ubao mzima ni kama mtu mwenye ngozi nyepesi: unavimba kukiwa na unyevu na kupasuka kukiwa na ukavu. Kwetu huku Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mkishuka Sigor na Chepalungu, hewa ni kavu zaidi. Kwaya inayosafiri kutoka Litein hadi Sigor na kurudi jioni inalipitisha gitaa katika hali mbili kwa siku moja. Mbao za tabaka huvumilia hayo vizuri zaidi, tena bei yake ni ndogo. Kwa hiyo gitaa la tabaka kwa matumizi yetu ni uamuzi wa busara, na hakuna haja ya kuliita gitaa la maskini.

MAJARIBIO SABA DUKANI

Waende watu wawili: mmoja anayejua kupiga, mwingine mwenye sikio, hata kama hajui kupiga. Wabebe rula ya shule, karatasi moja, na simu yenye programu ya kulinganisha nyuzi. Zipo za bure. Nyuzi zilinganishwe kwanza kabla ya jaribio lolote.

La kwanza ni shingo. Weka jicho kwenye kichwa cha gitaa na uchungulie kando ya shingo mpaka tumboni, kama seremala anavyochungulia ubao. Mpindo mdogo sana wa kwenda mbele ni kawaida. Ikiwa imepinda kama upinde, au imejisokota, lirudishe. Kwa gitaa la chuma, uliza kama shingo ina fimbo ya chuma ndani inayoweza kurekebishwa. Mahali pake pa kufungulia utapaona kichwani chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya tundu la sauti. Gitaa la chuma lisilo na fimbo hiyo msilinunue.

La pili ni urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni. Hesabu hadi ya 12, kisha pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi ule mnene kuliko wote. Angalia kwamba rula yako inaanzia sifuri ukingoni, kwa sababu nyingi zina nafasi tupu mwanzoni. Kwa chuma, milimita 2.5 hadi 3 ni vizuri. Kwa nailoni, karibu milimita 4. Ukikuta 5 au zaidi, fikiria mtu aliyechuma chai tangu alfajiri, mkono umechoka na vidole vimepasuka, halafu saa kumi na mbili jioni anakuja mazoezini kubana nyuzi hizo. Wiki ya tatu hatamwona mwalimu tena, na tutasema kijana ni mvivu, kumbe gitaa ndilo lililomfukuza.

La tatu ni ukweli wa sauti, na hapa wanakwaya mna nafasi kubwa kwa sababu mnajua solfa. Piga uzi ukiwa wazi, uite do. Bana uzi huo huo kwenye freti ya 7, upige: lazima usikie so. Bana freti ya 12: lazima iwe do ya juu, kamili. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Ikiwa do ya juu imepanda au imeshuka, kwaya itaimba vizuri na gitaa litawafanya muonekane waongo. Hakuna mpigaji hodari anayeweza kuliponya kwa vidole vyake.

La nne ni mngurumo. Bana kila uzi kwenye kila freti, kuanzia ya 1 hadi ya 12. Ni sauti 72, na hazichukui dakika tano. Sikiliza kama kuna uzi unaokwaruza chuma au unaokufa. Pitisha pia kiganja kando ya shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, zitamkata mtoto.

La tano ni funguo za kukazia nyuzi. Zungusha kila moja. Isiwe ngumu, wala isicheze bila kuvuta uzi. Ila mjue kwamba nyuzi mpya hushuka sauti kwa siku chache mpaka zikae. Hilo si kosa la funguo.

La sita ni daraja. Jaribu kuingiza ukingo wa karatasi chini yake kwa upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Tazama pia tumbo kwa upande: likiwa limevimba sana nyuma ya daraja, achana nalo.

La saba ni la mwenye sikio. Asimame mlangoni mwa duka huku mwenzake akipiga kodi tatu za wimbo mmoja wa kwaya. Msishtuke, hii si kodi ya KRA. Ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Sauti ikimfikia mlangoni ikiwa wazi, itafika kwenye benchi la nyuma.

Msinunue kwa picha ya mtandaoni bila kulishika, hata kama mnaletewa hadi Kericho mjini. Magitaa mawili ya jina moja na bei moja, yaliyotoka kwenye sanduku moja, yanaweza kutofautiana, moja likafaulu na lingine likaanguka. Shikeni matatu au manne, mchukue lililofaulu, hilo hilo mlilolijaribu, wala si lile ambalo bado liko stoo. Ombeni risiti.

La mitumba msilidharau. Yamaha F310 ya chuma, au C40 ya nailoni, iliyotunzwa na ikafaulu majaribio yote saba, ni afadhali kuliko jipya lisilojulikana. Ongezeni mambo mawili tu: tafuteni nyufa kwa tochi ya simu, na mnuse ndani ya tundu. Harufu ya ukungu ina maana lilikaa mahali penye unyevu, na gundi yake haiaminiki.

PESA TUZIGAWE HIVI

Bei hubadilika, kwa hiyo ulizeni katika maduka matatu siku moja. Lakini mgawanyo haubadiliki sana. Katika kila shilingi kumi, saba hivi ziende kwenye magitaa, na zilizobaki ziende kwenye vinavyoyaweka hai. Kwa mfano tu, tukiwa na shilingi 30,000: magitaa mawili 22,000; mifuko miwili yenye sponji 3,000; seti mbili za nyuzi za akiba 2,000; fundi wa kushusha nyuzi na kulainisha freti 2,000; nauli 1,000. Najua fungu la fundi litaulizwa. Naomba lisifutwe. Gitaa la bei ndogo lililopita kwa fundi mzuri huchezeka kuliko la bei mara mbili lililotoka dukani moja kwa moja.

KULITUNZA

Gitaa lisiegemezwe kwenye ukuta wa kanisa wakati wa mvua, wala lisilale juu ya saruji. Lisitundikwe jikoni karibu na moshi, wala kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto hulegeza gundi. Kwenye matatu lisipande juu ya keria. Likae mapajani kama mtoto. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya msivitupe, viwekeni ndani ya mfuko. Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho huleta kutu. Nyuzi zikipoteza mng'ao na sauti, badilisha, moja baada ya nyingine.

Na kuwe na daftari: nani amelichukua, siku gani, amelirudisha lini. Kanisani kitu cha wote huwa rahisi sana kuwa kitu cha mtu mmoja, au kitu kisicho na mtu.

Mwenyekiti, naona umetazama saa. Nimalizie kwa ombi kwa kamati. Mkipitisha magitaa haya, pitisheni pia majina ya wanafunzi sita, wawe wasichana watatu na wavulana watatu, na mwalimu wa kuwafundisha kila Jumamosi baada ya kuchuma. Mwaka ujao, siku kama ya leo, tusiulizwe magitaa yaligharimu kiasi gani. Tuulizwe wangapi wanajua kuyapiga, na tuwasimamishe hapa mbele wapige.

Mungu awabariki, na ailinde kwaya yetu.